Shule anayosadikiwa kusoma Shakespeare haikuanzishwa na mfalme, na "bure" yake ina gharama

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya elimu ya Jumapili iliyopita iliitaja King Edward VI School ya mji wa Stratford-upon-Avon, Uingereza, kuwa "shule binafsi ya watoto wa wenye nazo, iliyoanzishwa na mfalme ili kufundisha sarufi ya Kiingereza." Sentensi moja, makosa matatu. Ningeyaacha yapite kama si hoja iliyofuata, kwamba na sisi tujenge shule za namna hiyo. Anayetaka kuiga pishi la jirani sharti kwanza ajue chunguni kuna nini.

Shule hiyo ni ya umma na mwanafunzi halipi ada. Mfalme aliikuta ipo, tena ina zaidi ya miaka 250. Na sarufi iliyozipa jina shule za aina hiyo, grammar schools au shule za sarufi, ni ya Kilatini. Kiingereza wakati huo hakikuhesabiwa kuwa somo.

Msomaji wa Pwani ataielewa shule hii upesi kuliko wengine, kwa sababu chimbuko lake ni wakfu. Stratford ya karne ya 13 ilikuwa na chama cha kidini cha Msalaba Mtakatifu, chenye wafanyabiashara na mafundi wa mji. Walichanga, wakasomeana misa, wakazikana, na taratibu wakajilimbikizia nyumba na mashamba ya kupangisha. Ukikifikiria kama chama cha kuzikana chenye mali nyingi, hujakosea sana. Kumbukumbu za mwalimu wa shule mjini hapo zinaanzia 1295. Mwaka 1427 chama kilijenga nyumba ya kufundishia kwa gharama isiyofika pauni 10, na nyumba hiyo bado imesimama uani mwa shule. Kisha mwaka 1482 padri mmoja, Thomas Jolyffe, alikikabidhi chama ardhi kwa sharti lililoandikwa waziwazi: kodi yake imlipe padri mwenye elimu ya kutosha, afundishe sarufi kwa kila atakayemjia, na asichukue chochote kwa wanafunzi.

Hapo ndipo neno "bure" linapoingia, na halimaanishi kwamba hakuna anayelipa. Aliyelipa alikuwa mpangaji wa shamba. Wakfu ulikuwa na mfereji wake: ardhi inatoa kodi, kodi inapita kwa chama, chama kinamlipa mwalimu. Mfereji huo ukizibwa mahali popote, shule inakauka.

Na ulizibwa. Mwaka 1547 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuvunja taasisi za kuwaombea marehemu, na kwa kuwa vyama kama hiki vilisoma misa za wafu, mali zao zilikwenda kwa Taji, yaani kwa mfalme na serikali yake. Miji mingi ilijikuta ina shule isiyo na pato. Stratford ilihangaika hadi tarehe 28 Juni 1553, siku Edward VI alipotia muhuri hati iliyouunda mji upya kisheria, ukawa na halmashauri yake, na kuurudishia sehemu ya mali ya chama kwa sharti la kumlipa mwalimu pauni 20 kwa mwaka pamoja na nyumba. Mfalme alikuwa kijana wa miaka 15, tena mgonjwa. Alifariki tarehe 6 Julai, siku nane baadaye. Shule nyingi za Uingereza zinazobeba jina lake zina historia ya namna hiyo: serikali yake ilichukua kwa mkono mmoja, ikarudisha kiasi kwa mkono mwingine, na jina likaandikwa juu ya mlango. Kusema "alianzisha" ni kumpa sifa ya mtu aliyekurudishia nusu ya ng'ombe wako.

Pauni 20 zilikuwa mshahara mnono kwa mwalimu wa mji mdogo, na ziliwavuta wasomi wa Oxford. Lakini zilikuwa na kasoro ambayo wanaoandika wakfu hadi leo wanairudia: zilitajwa kwa fedha, hazikutajwa kwa fungu la mavuno. Bei zilipanda sana katika karne ile na iliyofuata, ila tarakimu kwenye hati haipandi yenyewe. Shule ambazo wakfu wake ulisema "pato lote la shamba fulani" zilikua pamoja na thamani ya ardhi. Zile zilizosema "pauni kadhaa kila mwaka" zilidhoofika, mpaka mwalimu akalazimika kutafuta wanafunzi wa bweni wanaolipa, na ambaye halipi akasukumwa viti vya nyuma.

Sasa jengo lenyewe, maana hapa mwandishi wenu alipita mbio. Ukumbi wa chama ulijengwa karibu na mwaka 1420 katika mtaa wa Church Street. Ni jengo refu la ghorofa moja, fremu yake ni mwaloni. Chini palikuwa na ukumbi wa mikutano, juu ndipo shule ilipohamia baada ya hati ya 1553. Fundi yeyote wa nyumba za fito na udongo ataisoma ramani ya majengo ya aina hii bila kuambiwa: nguzo, mihimili, kisha fito zilizosukwa katikati na kukandikwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, juu yake chokaa. Viungo havina misumari. Ulimi wa boriti moja huingia tunduni mwa nyingine, kisha hupigiliwa kigingi cha mwaloni mkavu. Mbao zenyewe zilifungwa zikiwa mbichi, kwa sababu mwaloni mkavu ni mgumu kuchongeka. Zikikauka zinajikunja na kuubana ule ulimi zaidi. Ndiyo maana majengo haya yamepinda na bado hayajaanguka. Kinachoyaua ni ukarabati wa haraka. Ukipiga plasta ya saruji juu ya udongo, unyevu unaoingia kupitia nyufa hauna njia ya kutoka, na boriti ya chini inaoza huku ukuta unaonekana mzima. Mafundi wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huu. Kuta zao za mawe na chokaa nazo huteswa na saruji vilevile.

Pembeni ya ukumbi kuna kanisa dogo la chama, la mawe. Kuta zake zilijaa michoro, pamoja na picha kubwa ya Siku ya Hukumu. Mwanzoni mwa 1564 hesabu za mji zinaonyesha malipo ya shilingi mbili kwa kazi ya kuharibu sanamu na picha za kanisani humo, kwa kuwa imani mpya ya Kiprotestanti haikuzitaka. Aliyeziandaa hesabu hizo alikuwa John Shakespeare, mtengeneza glovu. Mwanawe William alizaliwa miezi michache baadaye. Michoro mingi ilipakwa chokaa tu, na chokaa hiyo iliyokusudiwa kufuta ndiyo iliyohifadhi: picha ya Hukumu iliibuliwa mwaka 1804.

Je, William alisoma hapo? Daftari la majina ya wanafunzi wa miaka hiyo halikusalia, na anayekuonyesha "dawati la Shakespeare" anakuuzia ngano. Hoja iko kwingine. Mwaka 1568 baba yake alichaguliwa kuwa mkuu wa mji, na watoto wa wazee wa mji walikuwa na haki ya nafasi katika shule ya mji, ambayo ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka nyumbani. Katika kipindi hichohicho cha uongozi wake halmashauri iliwalipa waigizaji waliofika mjini: shilingi tisa kwa kundi la Malkia na shilingi moja kwa kundi la Mtawala wa Worcester. Kwa kawaida onyesho la kwanza lilifanywa mbele ya wakuu wa mji, katika ukumbi wa chini, yaani chini ya sakafu ya darasa.

Darasani hali ilikuwa hivi. Mtoto aliingia na miaka saba hivi, akiwa ameshajua kusoma. Hilo "ameshajua" ni la kuzingatiwa, maana mwalimu wa sarufi hakulipwa kufundisha herufi. Herufi zilifundishwa na mwalimu msaidizi, au na mtu mwingine mjini kwa malipo madogo, kwa kibao cha mbao chenye mpini, kilichobandikwa karatasi ya alfabeti, silabi na Sala ya Bwana, na kufunikwa utando mwembamba wa pembe ya mnyama ili vidole visiichafue. Ni jamaa ya ubao wa chuoni kwetu, ila kibao hiki hakikuoshwa wala kuandikwa upya.

Masomo katika shule hizi yalianza saa 12 asubuhi kiangazi, saa 1 wakati wa baridi, yakaenda hadi jioni, siku sita kwa wiki, na mapumziko marefu ya adhuhuri. Kitabu cha sarufi kilikuwa kimoja kwa nchi nzima, cha jina la William Lily, kilichoamriwa na serikali tangu enzi za Henry VIII. Mwaka wa kwanza wote ni kukariri: minyumbuliko ya nomino, minyumbuliko ya vitenzi. Baada ya hapo linaanza zoezi ambalo naliona bora kuliko mengi tunayofundisha leo. Mvulana anapewa kipande cha Cicero, mwandishi wa Kirumi wa kale, anakitafsiri kwa Kiingereza katika daftari la kwanza. Mwalimu anamnyang'anya Kilatini. Inapita saa nzima au zaidi, kisha mvulana anachukua Kiingereza chake mwenyewe na kukirudisha kwenye Kilatini katika daftari la pili. Mwisho madaftari yanawekwa kando ya kitabu, wanalinganisha neno kwa neno. Mtoto anaona kwa macho yake wapi alipoteza maana na wapi alipoteza mdundo. Usipopita muda wa kutosha kati ya safari hizo mbili, zoezi linaharibika: mtoto anaandika kwa kukumbuka, hatafsiri. Shakespeare mwenyewe alilifanyia mzaha katika tamthilia yake moja, ambamo mtoto aitwaye William anaulizwa maana ya neno la Kilatini la "jiwe," analijibu, kisha anaulizwa jiwe ni nini, anajibu "kokoto," na mwalimu anamkaripia kwa kuwa alitakiwa arudi kwenye Kilatini. Mwalimu Nyerere, aliyetutafsiria tamthilia mbili za mwandishi huyo, angelifurahia zoezi hilo kuliko fimbo iliyoandamana nalo.

Gharama je? Ada hakuna. Lakini mzazi alinunua karatasi, ambayo ilikuwa ghali. Alinunua mishumaa ya alfajiri za baridi, na shule nyingi zilidai pia mchango wa kuni. Kalamu ni unyoya wa bata bukini, wa bawa la kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia ili upindie nje, na ulihitaji kuchongwa mara kwa mara kwa kisu kidogo. Wino ulipikwa kwa vinundu vya mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Chumvi ya chuma ikizidi, wino unaila karatasi, na kumbukumbu nyingi za enzi hizo zina mashimo mahali palipokuwa na herufi. Kubwa kuliko yote ni mikono ya mtoto iliyokosekana dukani au shambani. Kwa hiyo sharti la Jolyffe la "kila atakayemjia" lilikuwa kweli kisheria, na waliojia walikuwa watoto wa watu waliomudu kumwachilia mtoto. Binti hakuhesabiwa kabisa. Sisi Tanzania tulilipata somo hilo kwa njia yetu mwaka 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne na wazazi wakagundua kwamba "bila ada" na "bila gharama" ni maneno mawili.

Karne mbili zilizofuata nitazipita haraka, ila kesi moja. Wasimamizi wa shule ya sarufi ya Leeds walitaka kutumia pato la wakfu kufundisha Kijerumani, Kifaransa na hesabu, mambo ambayo mji wa biashara uliyahitaji. Mwaka 1805 Lord Eldon, mkuu wa mahakama, akasema fedha hizo zilitolewa kwa shule ya sarufi, na shule ya sarufi ni mahali pa kufundishia lugha za kale. Alifungua kamusi kulithibitisha. Sheria ya 1840 ililegeza kamba, lakini tume iliyotoa ripoti mwaka 1868 bado ilikuta mahali ambapo mwalimu anapokea mshahara na karibu hana wanafunzi. Matokeo yake ni sheria ya 1869, iliyoruhusu wakfu kuandikwa upya na sehemu ya pato kupelekwa kwa shule za wasichana. Anayeandika hati ya wakfu wa elimu leo aisome kesi ya Leeds kabla hajataja masomo kwa majina.

Karne ya 20 ndiyo iliyozipa shule hizi sura ya sasa. Kuanzia 1907, shule za sekondari zilizotaka ruzuku kamili zilitakiwa kutenga kwa kawaida robo ya nafasi bila ada. Sheria ya 1944 ikafuta ada katika sekondari zote za umma, na kwa kuwa pesa haikuwa tena kichujio, mtihani wa umri wa miaka 11 ukawa kichujio. Waliofaulu wakaenda shule za sarufi. Wengi, waliofeli, wakaenda shule za daraja la chini yake. Kuanzia 1965 serikali ilizihimiza halmashauri ziachane na mchujo huo, na shule nyingi za sarufi zikageuzwa au zikafungwa. Zilizobaki England ni 163, zenye mwanafunzi mmoja hivi katika kila 20 wa sekondari za umma. Wales na Scotland hazina hata moja. Sheria ya 1998 inakataza kuanzisha mpya. Stratford ni mojawapo ya hizo 163, na tangu 2011 ni akademia, maana yake inapokea fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu bila kupitia halmashauri. Wasichana waliruhusiwa kuanzia 2013, lakini ni kidato cha tano na sita tu.

Hapa ndipo mkanganyiko wa mwandishi wenu ulipozaliwa, nadhani. Baadhi ya shule kongwe zilipolazimishwa kuchagua kati ya kuacha mchujo na kuacha fedha za serikali, zilitoka serikalini zikawa za kulipia, na hazikubadilisha jina. Manchester Grammar School, ya mwaka 1515, inatoza ada. Jina mlangoni halikuambii kitu. Angalia ukurasa wa ada kabla hujamkatia mtoto tiketi.

Kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili walioko England, na najua gazeti hili linasomwa huko, utaratibu wa kuingia una ngazi ambazo watu hujikwaa. Mtihani hufanywa kwa kawaida Septemba, mtoto akianza mwaka wa sita wa msingi, lakini kujiandikisha hufunguliwa miezi kadhaa kabla, mara nyingi mtoto akiwa mwaka wa tano. Anayesubiri shule impe fomu amechelewa. Maswali ni ya kufikiri kwa maneno, kwa namba na kwa michoro. Alama hazitumiki zilivyo. Hurekebishwa kwa umri, kwa miezi, na wastani hupangwa kuwa 100. Chukua watoto wawili waliopata maswali 42 kati ya 60: aliyezaliwa Septemba na aliyezaliwa Agosti iliyofuata wako darasa moja, lakini wa pili ni mdogo kwa karibu mwaka mzima, hivyo alama yake iliyorekebishwa itakuwa juu. Mzazi anayelinganisha idadi ya maswali tu huishia kulalamika bure.

Matokeo hutoka Oktoba. Kuvuka alama ya kufaulu hakumaanishi kupata nafasi, kwa sababu waliovuka ni wengi kuliko viti. Ndipo vigezo vingine huingia: mpangilio wa alama, eneo la kipaumbele kuzunguka shule, na katika shule nyingi nafasi za mbele kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Tena kufanya mtihani si kuomba shule. Fomu ya maombi ni tofauti, hupelekwa kwenye halmashauri ya unakoishi, na mwisho wake ni tarehe 31 Oktoba. Kosa linaloumiza zaidi ni kuandika shule moja tu ya sarufi na kuacha mistari mingine wazi kwa kudhani unaonyesha msimamo. Mtoto akikosa, hupewa shule yoyote iliyobaki na viti. Majibu hutolewa tarehe 1 Machi.

Na gharama ya leo? Ada bado hakuna. Lakini kuna soko zima la masomo ya ziada, ambapo mtoto hufunzwa aina za maswali kwa mwaka au miwili, na anayelipa ni mzazi. Watoto wa familia maskini ni wachache mno katika shule za sarufi ukilinganisha na shule nyingine za umma. Mishumaa imegeuka kuwa mwalimu wa jioni.

Nisiwanyime sifa yao. Kundi la uigizaji la wavulana wa shule hii, Edward's Boys, hucheza tamthilia za karne ya 16 na 17 zilizoandikiwa makundi ya watoto wa kiume, wakicheza hata nafasi za wanawake kama ilivyokuwa wakati huo, na wataalamu husafiri kwenda kuwatazama. Kila Aprili, karibu na tarehe 23, wanafunzi huandamana na maua hadi kanisa la Holy Trinity kwenye kaburi la Shakespeare. Lile darasa la ghorofani limefunguliwa kwa wageni tangu 2016, baada ya ukarabati uliosaidiwa na fedha za bahati nasibu ya taifa, na bado hutumika kwa vipindi asubuhi kabla watalii hawajapanda ngazi.

Mwisho, Mhariri, ni kuhusu picha mliyochapisha. Jengo la mawe lenye mnara, lililo kwenye kona, ni kanisa dogo la chama, lile la shilingi mbili. Shule ni jengo refu la mbao nyeusi na kuta nyeupe linalofuata upande wa kusini, nanyi mmelikata pembeni mwa picha.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa historia, Iringa